Mteja wa Shilingi Moja

Malipo ya kwanza yaliingia kabla Nyabate hajafungua lango la kuyapokea.

Ilikuwa saa nane mchana, saa ambayo mvua ya Kapkatet huanza kujikusanya juu ya mashamba ya chai. Nyabate Oyaro na mwenzake Johana walikuwa katika chumba chao cha kazi, ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Walikuwa wamesoma pamoja chuo kikuu pale Kabianga, na sasa walikuwa wakitengeneza app ya kikundi cha akina mama kilichoongozwa na Chepchumba, mwanamke asiyependa kusubiri. Kikundi kilitaka kuuza maziwa, mayai na miche kupitia simu, na app ifanye kazi kwenye simu yoyote, iwe ya elfu sita au ya laki moja. App yenyewe ilikuwa tayari. Kilichobaki ni malipo tu: mteja abonyeze Lipa, kampuni ya malipo ipokee, risiti irudi.

Akina mama walikuwa bado hawajaleta orodha ya bidhaa zao, kwa hivyo Johana alikuwa akijaza za uongo, za kujaribia. Aliandika kwa haraka huku akikohoa. Kifua kilikuwa kimemsumbua tangu mwezi wa tatu.

"Kiti kinacholia, shilingi moja," alisoma kwa sauti. "Kikohozi cha Johana, shilingi moja. Na mteja akinibembeleza, namuongezea kamasi."

Nyabate alicheka. Kisha simu ya Johana ikalia pale mezani, na wote wawili wakaitazama.

Umepokea shilingi 1. Bidhaa: Kikohozi cha Johana. Mteja:

Baada ya neno hilo hapakuwa na kitu. Hapakuwa na jina wala namba.

"Umejilipa mwenyewe?" Nyabate aliuliza.

"Nijilipe na nini? Si lango bado limefungwa?"

Lilikuwa limefungwa kweli. Nyabate alikuwa hata hajaandika zile funguo za siri walizopewa na kampuni ya malipo. Na hata angekuwa ameziandika, pale walikuwa kwenye uwanja wa majaribio, ambako pesa hazitembei. Lakini Johana alipoangalia salio la simu yake, alikuta shilingi moja imeongezeka. Nyabate alisikia harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Alifikiri inatoka hotelini upande wa pili wa barabara, akafunga dirisha. Harufu ikabaki ndani.

Kesho yake Johana alipanda ngazi akiimba.

"Nimelala kama mtoto," alisema. "Sijakohoa hata mara moja. Gusa hapa kifuani, gusa. Kimeisha!"

Nyabate hakugusa. Alikuwa ameamkia kwenye kumbukumbu za seva, akitafuta ombi lile lilitoka wapi. Lilikuwepo, na saa yake ilikuwepo, lakini pale panapoandikwa mahali lilikotoka palikuwa peupe. Alifuta kazi ya siku tatu, akaanza kuandika upya.

Johana naye alikuwa anafikiria jambo lingine. Mama yake, Cherotich, alikuwa ametembea na fimbo miaka miwili kwa sababu ya goti. Siku ya tatu, mvua ilipoanza kugonga mabati, Nyabate alimwona akiandika kitu kwenye orodha.

"Johana, wacha. Hatujui huyo ni nani."

"Ni mteja," Johana alisema. Hakutabasamu. "Wewe hujawahi kusikia mama yangu akishuka kitandani asubuhi. Mimi nimesikia."

Alikuwa ameandika: Maumivu ya goti la Cherotich, shilingi 1. Hakungoja hata dakika. Simu ikalia.

Jumapili ile Cherotich alienda kanisani kwa miguu, akashuka kilima na kukipanda, fimbo ameiacha nyuma ya mlango. Nyabate alipopita kumsalimu, mama huyo alimshika mikono yote miwili.

"Lakwet, mtoto wangu, Mungu amenitembelea," alisema, machozi yakimtoka. "Niambie, mimi nitamlipa nini?"

Nyabate alitaka kumwambia. Alimtazama akizunguka jikoni kama msichana, akashindwa. Alikunywa chai, akashukuru, akaenda zake. Kwa wiki moja hakuona jambo jingine la ajabu. Alianza kujiambia kwamba labda kuna vitu vizuri duniani ambavyo havina maelezo.

Halafu ikaja ile Jumatano ya mguu.

Cherotich alikuwa ameketi jikoni akichemsha maziwa na kuzungumza na mke wa Johana, Chepchirchir, aliyekuwa na mimba ya miezi minane. Chepchirchir alisikia harufu ya nyama inayoungua. Akaangalia sufuriani, akaangalia juu kwenye dari, kisha akaangalia chini. Kaa la moto lilikuwa limeanguka na kulala juu ya mguu wa mama mkwe wake, na lilikuwa limeingia ndani ya nyama, na mama mkwe alikuwa bado anaendelea na hadithi yake kuhusu bei ya majani chai. Hakuwa amesikia chochote. Muuguzi alipomdunga sindano kwenye paja, kwenye wayo, kwenye vidole, hakusikia chochote vilevile.

Siku iyo hiyo, akila chakula cha mchana, Johana alikwamwa na mfupa wa samaki kooni. Mtu yeyote angekohoa. Yeye alikaa tu, macho yamemtoka, uso unakuwa wa kijivu, mwili wake haujui la kufanya. Nyabate alimpiga mgongoni mara nane ndipo mfupa ukatoka.

"Imetosha," Nyabate alisema. "Leo tunafunga hii kitu. Tunazima seva, tunamwambia Chepchumba atafute watu wengine."

Johana alikuwa ameinamia meza. "Nya," alisema kwa sauti ya chini sana. "Kuna kitu kingine niliuza."

"Nini?"

Johana alifunika simu yake kwa kiganja.

"Johana, uliuza nini?"

"Uchungu wa Chepchirchir."

Nyabate alielewa mara moja. Miaka miwili nyuma Chepchirchir alikuwa na uchungu wa kuzaa siku tatu mfululizo, na mtoto yule, msichana, hakuishi hata saa moja. Alizikwa nyuma ya nyumba. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi Chepchirchir alikuwa akienda kung'oa magugu pale, hata mvua ikinyesha. Alipopata mimba ya pili, alikuwa akimwambia mumewe kila usiku kwamba anaogopa.

"Nilitaka azae bila kuumia," Johana alisema. "Hiyo tu. Nilitaka asiumie tena."

"Ulimwambia?"

"Hapana."

Nyabate aliwasha kompyuta. Katika ile app alikuwa ameweka kitufe cha kurudisha pesa, kwa ajili ya maziwa yaliyoharibika na mayai yaliyovunjika. Akafungua malipo ya tatu, akabonyeza Rejesha. Walingoja, mabega yamegusana kama watoto waliovunja chombo. Harufu ya majivu mabichi ikaja, nzito kuliko siku zote.

Kwenye skrini paliandikwa: Mteja ameridhika na bidhaa.

"Wewe ndio uliandika hiyo sentensi?" Johana alinong'ona.

"Hapana. Si wewe?"

Si yeye. Haikuwepo popote kwenye programu. Nyabate alibonyeza tena, na safari hii akaongeza pesa, shilingi elfu moja kwa ile moja, kisha elfu hamsini, pesa ambazo hawakuwa nazo. Jibu lilikuja kabla hajaondoa kidole.

Mteja hauzi.

Tarehe ya kujifungua ilifika, ikapita. Ikapita wiki moja, ikapita ya pili. Chepchirchir hakulalamika. Alifua nguo, akachota maji, tumbo limeshuka chini, na kila alipoulizwa alisema hasikii kitu. Hospitalini walimwekea maji yenye dawa ya kuleta uchungu, wakaongeza, wakaongeza tena. Mkunga mmoja mzee alimwekea mkono tumboni kwa muda mrefu, kisha akamvuta Nyabate kando.

"Nimezalisha miaka thelathini," alisema. "Huyu, mwili wake ni kama haujaambiwa kuna mtoto."

Wakampasua. Mtoto alitoka mzima, wa kiume, kilo tatu na nusu, na analia kwa nguvu zote. Ilikuwa inanyesha, kwa hivyo bibi yake akamwita Kiprop. Johana alilia. Cherotich, mguu umefungwa bandeji, aliimba kwa Kikipsigis. Walimpeleka mtoto kwa mama yake na kumlaza kifuani.

Chepchirchir alimtazama kwa upole, vile mtu anavyotazama mtoto wa mwenzake kwenye foleni.

"Ni wa nani?" aliuliza.

"Ni wako," muuguzi alisema, akicheka.

"Ah. Sawa."

Walidhani ni dawa ya usingizi. Walimpa siku, wakampa wiki. Chepchirchir hakuwa mkali kwa mtoto wala hakumwonea. Ukimwambia mnyonyeshe, alimnyonyesha. Usipomwambia, hakukumbuka. Kiprop angelia mpaka sauti ikauke, naye ameketi palepale akichambua mboga, ameinua kichwa kidogo kama anayesikia redio ya jirani. Cherotich alikuwa akija mbio kutoka shambani kwa ule mguu asiousikia, akimkuta mtoto amelowa, amekuwa mwekundu, na mama yake yuko hatua mbili kutoka kwake.

"Mbona humchukui?" alimuuliza siku moja.

"Nilikuwa nataka kumaliza hii kwanza, Mama."

Jumamosi iliyofuata Johana alimkuta mkewe nyuma ya nyumba na jembe. Alikuwa amelima kaburi la msichana wao na kulipanda sukuma wiki, mistari imenyooka vizuri.

"Udongo wa hapa ni mzuri," Chepchirchir alimwambia. "Sijui kwa nini tulikuwa tunauacha bure."

Ndipo Johana alipokubali mchungaji aitwe.

Mchungaji Makori alitoka Kapsoit, mzee mfupi wa kanisa la akina Nyabate, mtu anayejulikana kwamba pepo humsikia. Hakutaka kwenda nyumbani kwa Johana. Alitaka kuingia pale pale lango lilipofunguliwa. Alifika saa saba mchana, akavua kofia, akakaa kwenye kile kiti kinacholia, akasikiliza habari yote bila kukatiza.

"Hivi vitu vitatu, muuzaji alikuwa nani?" aliuliza mwishowe.

"Mimi," Johana alisema.

"Pesa ulipokea?"

"Shilingi tatu."

"Ulizirudisha?"

"Tulijaribu, Pasta," Nyabate alisema. "Anakataa."

Mchungaji alisugua uso wake. Nje palikuwa pameanza kuwa giza kwa ile mvua ya mchana, giza la kuwashia taa, na wachuma chai walikuwa wanakimbia na vikapu kuelekea kwenye kibanda cha kupimia. "Tuombe," alisema, na wakasimama watatu wakashikana mikono, na kwa muda hakukuwa na sauti nyingine ila yake na mvua, mpaka mvua ikageuka kuwa mawe, ikaanza kupiga mabati kwa kishindo ambacho kilimfanya mchungaji apaze sauti, kisha apaze zaidi, na umeme ukapotea, na katikati ya kishindo kile Nyabate akasikia mtu anapanda ngazi, anapanda polepole, mguu mmoja unakanyaga na mwingine unaburutwa, unakanyaga, unaburutwa, vile Cherotich alivyokuwa akitembea miaka miwili kabla hajaiacha fimbo nyuma ya mlango, na zile hatua zikafika juu, zikasimama nje ya mlango wao, na mtu akakohoa.

Nyabate alikijua kile kikohozi. Alikuwa amefanya kazi kando yake tangu mwezi wa tatu, kile kirefu kinachoishia na mkwaruzo. Aligeuka kumtazama Johana, na Johana alikuwa amesimama pale, mdomo umefungwa, mkono wake baridi ndani ya mkono wa Nyabate.

Kikohozi kikaisha. Kisha nyuma ya mlango, chini chini, kikaanza kilio cha mwanamke, kilio kinachopanda na kushuka, kinachopumzika na kurudi, na hata Nyabate ambaye hakuwahi kuzaa alijua ni kilio gani.

"Chepchirchir," Johana alisema, akataka kwenda. Mchungaji akamshika koti.

"Si yeye," alimnong'oneza. "Simama. Si yeye. Ana vitu vyake tu."

"Mfukuze, Pasta," Nyabate alisema. "Tafadhali mfukuze."

Mchungaji Makori alikuwa anatokwa na jasho. "Naweza," alisema. "Naweza kumfukuza sasa hivi, amefika karibu. Lakini nisikilizeni vizuri. Hakuiba. Mtu ambaye ameiba, nikimfukuza anaangusha alichoiba. Huyu amenunua. Nikimfukuza, anaondoka na alichonunua, na hatarudi tena hapa, na hakuna mtu mwingine wa kumdai. Mnaelewa? Uchungu wa huyo mama utaenda naye milele. Chagueni. Chagueni haraka."

Kilio kilipanda tena nyuma ya mlango.

"Hapana," Johana alisema.

"Johana!" Nyabate alimvuta mkono. "Johana, iko hapo nje. Itanunua tena. Itanunua kwa watu wengine."

"Nimesema hapana! Ikiwa karibu, siku moja inaweza kurudisha." Alikuwa analia, kilio cha mtu mzima kisicho na aibu. "Huyo ni mke wangu analia hapo, Nya. Ndiyo kitu pekee imebaki yake. Mnataka niifukuze?"

Mchungaji aliachia mikono yao. Walisimama gizani mpaka mawe yakaisha, mpaka zile hatua zikashuka ngazi, moja inakanyaga, moja inaburutwa, zikapotea upande wa mashamba. Mchungaji alivaa kofia yake. Alikataa nauli waliyompa, na mlangoni alikwepa kukanyaga pale ambapo kile kitu kilikuwa kimesimama.

Nyabate alifunga kila kitu peke yake. Alizima seva, akafuta app, akairudishia kampuni ya malipo funguo zake na kuandika barua ya kufunga akaunti. Chepchumba alikuja akapiga kelele kwamba akina mama wamemngoja miezi minne, na Nyabate akamwomba radhi. Walirudisha chumba kwa mwenye nyumba. Johana alipata kazi ya kibarua kiwandani.

Mwezi mmoja baadaye Nyabate alienda kumwona mtoto. Ilikuwa saa tisa, mvua imetoka tu kuisha, mvuke unapanda kutoka kwenye mashamba ya chai. Johana alikuwa kazini. Cherotich alikuwa amepelekwa kubadilishwa bandeji. Kiprop alikuwa analia chumbani, na Chepchirchir alikuwa sebuleni anakunja nguo. Alimkaribisha Nyabate vizuri, akamwuliza habari za mama yake. Alikuwa amenawiri. Hakuwa na kunyanzi hata moja usoni.

Nyabate alienda chumbani mwenyewe, akamchukua mtoto, akambadilisha, akarudi naye begani. Kwenye meza kulikuwa na vikombe viwili vya chai, vimeshanywewa.

"Ulikuwa na mgeni?" aliuliza.

"Ndiyo, yule mtu. Alikuja wakati wa mvua." Chepchirchir alikunja kitambaa, akakinyoosha kwa kiganja. "Maskini, anachechemea. Na kile kifua chake si kizuri. Nikampa chai."

Nyabate alikaa chini na mtoto. Chumba kile kilinukia majivu.

"Alikuwa anataka nini?" alisema. "Chepchirchir, alitaka nini?"

"Aliuliza bei ya huyu." Alimnyooshea mtoto kidole, bila haraka.

"Na wewe ukamwambia nini?"

Chepchirchir alifikiri kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka kama ametia chumvi.

"Nilimwambia nitafikiria."

Nyabate alisimama. Alisema angependa kumchukua Kiprop kwa siku chache, ampeleke kwa mama yake mwenyewe, Bonareri, kule kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai, akae naye kidogo. Alisema maneno mengi, yakagongana. Hakuhitaji kuyasema. Chepchirchir alikuwa tayari ameleta shali. Alimsaidia kumfunga mtoto mgongoni, akakaza fundo, akaangalia kama kichwa kimekaa vizuri, akasindikiza mpaka mlangoni. Hakuuliza watarudi lini.

Nyabate alikuwa ameshafika langoni aliposikia akiitwa. Aligeuka upesi. Chepchirchir alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika mwimo, na kwa sekunde moja Nyabate aliamini kwamba kitu kimerudi usoni pake.

"Nyabate," alisema, "akija tena, nimwambie mtoto yuko kwa nani?"